Amsterdam na Marafiki: Namna ya Kupanga Safari Ambayo Ndege Ikifutwa Haivunjiki

Watu wakipanga safari ya Ulaya kwa kikundi huanza na picha: mifereji, makumbusho, mahali pa kusimama wote wakiwa wamevaa makoti. Nashauri muanzie upande wa pili. Kabla hata shilingi haijalipwa, kaeni mjiulize: mmoja wetu akinyimwa viza tutafanyaje? Ndege ikifutwa tukiwa watano na nafasi zilizopatikana ni tatu, nani watangulie? Maswali hayo hujibika vizuri mkiwa mmekaa barazani na chai mezani. Mkingoja kujibizana mbele ya kaunta ya uwanja wa ndege saa tano usiku, mmoja hana chaji na mwingine ana njaa, hapo ndipo urafiki wa miaka unapoingia nyufa.

Nachukua Amsterdam kuwa mfano kwa sababu ni mji unaofikika kwetu. Kuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi, shirika la Uholanzi, KLM, huruka hadi Kilimanjaro na Dar es Salaam, na anayetaka kupitia Doha, Dubai au Istanbul anapata pia. Ni mji pia ambao misukosuko yake inajulikana. Januari 2026 theluji na barafu vilifuta mamia ya safari za ndege pale Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, siku kadhaa mfululizo. Juni 2025 wafanyakazi wa shirika la reli, NS, waligoma na treni zikasimama. Mambo haya yatatokea tena. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa mambo yanavyokuja, kuanzia makubaliano ya mwanzo hadi madai ya fidia mkisharudi nyumbani.

Hatua ya 1: Kubalianeni kabla ya pesa kutoka

Kwa mji huu, watu wanne hadi sita wanatosha. Andikeni makubaliano yenu kwenye grupu la WhatsApp, kila mmoja ajibu kwamba amekubali, na ujumbe huo mubandike juu ili usipotee chini ya vichekesho.

Mteueni kiongozi wa safari. Kazi yake ni moja: uamuzi ukitakiwa ndani ya dakika kumi, neno lake ndilo la mwisho. Mteueni na mtunza hazina, na asiwe mtu yuleyule. Halafu tengenezeni mfuko wa dharura ambao kila mmoja anachangia kiasi sawa. Kwa Amsterdam napendekeza euro 150 kwa kila mtu, maana kinachohitajika ni kulipia usiku mmoja wa hoteli, chakula na tiketi ya treni huku mkisubiri shirika la ndege liwarudishie. Kuzikusanya kidogokidogo kila mwezi, kama mnavyocheza mchezo, kuna faida ya ziada: anayesuasua kutoa mnamjua miezi mitano kabla, wakati bado mnaweza kuzungumza naye kwa utulivu.

Jambo zito zaidi ni la viza. Mmoja akinyimwa, wengine waendelee au muahirishe wote? Kila kikundi kina jibu lake, ila msimamo wangu ni huu: wengine waende, na hasara ya hoteli ya mwenzenu igawanywe kwa wote, kwa sababu hakujinyima viza mwenyewe. Mkiamua vinginevyo sawa, mradi liamuliwe kabla mtu yeyote hajapeleka pasipoti.

Hatua ya 2: Tarehe

Epukeni tarehe 27 Aprili, Siku ya Mfalme, labda kama ndiyo mnayoifuata, maana mji hufurika na bei za vyumba hupanda sana. Mei na Septemba ni miezi mizuri. Desemba jua linazama kama saa kumi na nusu jioni, na Juni linaendelea hadi karibu saa nne usiku. Wanaoswali wakumbuke kwamba Isha ya Juni huingia usiku sana.

Wekeni siku ya akiba pande zote mbili. Mtu anayetakiwa kazini Jumatatu asubuhi asikate tiketi ya kurudi Jumapili. Na mkubaliane kwamba kwenye grupu saa zote zinaandikwa kwa mtindo wa tiketi, wa saa 24. Ujumbe wa «tukutane saa mbili» ukisomwa na rafiki aliyezaliwa Leiden au Toronto unaweza kumfikisha mahali saa sita nyuma au mbele. «20:00» haina utata.

Hatua ya 3: Viza

Hapa ndipo safari nyingi za marafiki hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zilizofungua mipaka kati yao, Uholanzi ikiwemo, hutolewa kwa mtu mmoja mmoja. Hata mkienda dirishani siku moja mkiwa mmevaa sare, kila faili linasimama peke yake. Lakini mafaili hayo lazima yaseme kitu kimoja: hoteli ileile, tarehe zilezile, ratiba ileile. Mmoja akiandika usiku tano na mwenzake akaandika saba kwa safari hiyohiyo, wote wawili mmejitilia shaka.

Ombi halipokelewi mapema zaidi ya miezi sita kabla ya safari, wala zikiwa zimebaki siku chini ya 15. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, ila sheria inaruhusu zifike 45. Nyinyi hesabuni 45, kisha ongezeni wiki za kusubiri miadi, hasa kuelekea likizo za Juni na Desemba. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, juu yake kuna malipo ya kituo kinachopokea maombi, na ukinyimwa ada hairudi.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, ibaki na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Schengen, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari ifike euro 30,000 na igharimie matibabu, kulazwa na kurudishwa nyumbani, katika nchi zote za Schengen. Aliyeajiriwa apeleke barua ya mwajiri inayotaja likizo yake na tarehe ya kurudi kazini, aliyejiajiri apeleke leseni ya biashara na karatasi za kodi. Uholanzi huangalia kama una walau euro 55 kwa kila siku utakayokaa.

Sasa taarifa ya benki, ambayo huwaumiza wengi. Anayeisoma haangalii salio la mwisho peke yake. Anaangalia mshahara unaingia lini, kodi ya nyumba inatoka lini, maisha ya mtu yanavyokwenda mwezi hadi mwezi. Shilingi milioni tano zikiingia Jumanne na ombi likapelekwa Alhamisi, zinaonekana ni za kuazima. Kwa kikundi kuna mtego mwingine: mtunza hazina. Michango ya wenzake inaingia kwenye akaunti yake kwa majina ya watu watano, na akaunti yake inaanza kuonekana ya ajabu. Dawa yake ni rahisi. Michango ya safari iwekwe kwenye akaunti tofauti na ile anayoombea viza, au aambatishe barua fupi yenye majina ya wote, kiasi cha kila mmoja na lengo la pesa hizo. Vilevile rafiki mmoja akimlipia mwenzake gharama zote, jambo hilo lisemwe wazi kwa barua ya anayelipa na taarifa yake ya benki. Kuficha hakusaidii, maana salio la anayelipiwa litajieleza lenyewe.

Ombi linapelekwa kwa nchi ambayo mtalala siku nyingi zaidi. Kama ni Amsterdam usiku nne na Paris tano, basi hiyo ni viza ya Ufaransa, hata kama mnatua Schiphol. Usiku ukilingana, ni nchi mnayoingilia kwanza. Na kama kuna anayefikiria kuchungulia London, ajue kwamba Uingereza haimo Schengen: atahitaji viza nyingine, na akiwa na viza ya Schengen ya kuingia mara moja tu, akishatoka harudi.

Pasipoti zikirudi, fungueni bahasha palepale msome kila mstari: jina, tarehe ya kuanza na kuisha, idadi ya siku, idadi ya kuingia. Viza inaweza kuwa hai kwa wiki nne na bado ikakupa siku kumi tu za kukaa. Watu wanasoma tarehe, wanasahau siku.

Aliyenyimwa hupewa barua yenye sababu zilizowekewa alama. Kwa Uholanzi ana wiki nne za kupinga uamuzi. Kama sababu ni karatasi iliyokosekana au maelezo hafifu, mara nyingi ombi jipya lililokamilika lina maana zaidi kuliko kupinga. Siku hiyo jambo la kwanza ni mtu mmoja kumpigia simu. Msimwachie asome kwenye grupu wenzake wakishangilia.

Hatua ya 4: Tiketi

Msilipie tiketi isiyorudishwa kabla viza hazijatoka. Kwa ombi la viza inatosha kuonyesha nafasi iliyoshikwa.

Mkinunua, safari nzima iwe kwenye tiketi moja kutoka nyumbani hadi Amsterdam na kurudi. Wapo wanaounganisha wenyewe: tiketi moja hadi Istanbul, nyingine ya bei nafuu kutoka pale. Inaokoa pesa siku ambayo hakuna kilichochelewa. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu wowote kwako. Tiketi ikiwa moja, ukikosa ndege ya kuunganisha kwa sababu ya kwanza kuchelewa, ni kazi ya shirika kukutafutia nyingine.

Suala la namba ya buking nalo watu hulipuuza. Mkiwa sita chini ya namba moja, ndege ikifutwa mfumo hutafuta nafasi sita kwa pamoja, na nafasi sita kwenye ndege moja wiki ya msukosuko ni ngumu kupatikana. Ofisa anaweza kuwatenganisha, ila hilo linakula muda ambao hamna. Mkinunua kila mtu peke yake, mnatawanyika ovyo. Napenda njia ya katikati: watatu kwa namba moja, watatu kwa nyingine, na kila kundi liwe na mtu mmoja aliyewahi kusafiri.

Fahamuni na hili kabla ya kuchagua shirika. Umoja wa Ulaya una Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 inayomlinda abiria. Inahusu ndege yoyote inayoondoka kwenye uwanja wa Umoja wa Ulaya, na pia ndege inayoingia Umoja wa Ulaya kutoka nje ikiwa shirika ni la Ulaya. Kwa hiyo mkiruka na shirika la Ulaya mnalindwa kwenda na kurudi. Mkiruka na shirika la Ghuba au la Afrika, kanuni hii inawalinda wakati wa kurudi tu, mnapoondoka Amsterdam. Haina maana kwamba mashirika hayo ni mabaya, ila bei zinapokaribiana, hilo liingizeni kwenye hesabu.

Na mtu asiruke kipande cha kwanza cha tiketi. Ukikosa kupanda ndege ya kwenda ukajinunulia nyingine, kwa kawaida shirika hufuta vipande vyote vilivyobaki, pamoja na cha kurudi. Piga simu kwanza.

Hatua ya 5: Malazi

Amsterdam nyumba ya mtu inayokodishwa kwa watalii hairuhusiwi kulaza zaidi ya wageni wanne. Mkiwa sita, tafuteni hoteli, au nyumba mbili jirani. Juu ya bei ya chumba kuna kodi ya utalii ya asilimia 12.5, na mara nyingi haionekani kwenye bei ya kwanza mnayoiona mtandaoni. Mkiona bei zimewashinda, angalieni Haarlem au Zaandam. Treni inawafikisha stesheni kuu, Amsterdam Centraal, kwa takriban robo saa, na Haarlem yenyewe ni mji mzuri wa kuamkia.

Chukueni chumba kinachofutika bila gharama hadi siku moja au mbili kabla. Mkichelewa kwa ndege, waandikieni hoteli siku hiyohiyo. Hoteli nyingi, mgeni asipotokea usiku wa kwanza bila taarifa, hufuta usiku wote uliobaki, na mtafika kesho yake mkiwa na viza na tiketi lakini bila kitanda.

Hatua ya 6: Mizigo

Mnaolala chumba kimoja, changanyeni nguo: nusu yako kwenye begi la mwenzako, nusu yake kwenye lako. Begi moja likipotea hakuna anayebaki na shati alilovaa tu. Pigeni picha ya kila begi kwa nje na ndani kabla ya kulifunga. Dawa, chaja, sweta na nakala za karatasi za viza zikae kwenye begi la mkononi. Betri ya akiba ya simu nayo hairuhusiwi kwenye begi la kupakia, ni ya mkononi tu.

Zawadi kwa ndugu walioko huko zina sheria zake. Nyama na maziwa ya aina yoyote, samli ikiwemo, haviingii Umoja wa Ulaya ndani ya mzigo wa abiria. Embe na parachichi bila cheti cha afya ya mimea vitachukuliwa. Nanasi, nazi, ndizi na tende vinaruhusiwa bila cheti, na samaki mkavu anaruhusiwa hadi kilo 20. Bibi akisisitiza mpeleke kitu, mpeni jibu la nazi na tende.

Hatua ya 7: Ndege ikichelewa au ikifutwa

Ubao umebadilika, umeandika imefutwa. Watu mia mbili wanakimbilia kaunta moja. Hapo msikimbie wote.

Gawaneni kazi dakika hiyohiyo. Mmoja aingie foleni. Wa pili apige namba ya huduma kwa wateja, na kama ya nchini ina foleni, apige ya shirika hilohilo katika nchi nyingine. Wa tatu afungue programu ya shirika kwenye simu, kwa sababu mara nyingi nafasi mbadala hutokea huko kabla hamjafika kaunta. Wa nne akae na mizigo, huku akitafuta njia nyingine: kuna ndege ya kesho asubuhi? Kuna ya Brussels? Düsseldorf? Frankfurt? Brussels hadi Amsterdam ni takriban saa mbili kwa treni, na kwa viza ya Schengen mipaka hiyo haina shida. Kiongozi asisimame foleni. Azunguke, akusanye taarifa, aamue. Ukifika kaunta na namba ya ndege mkononi, ofisa ana kitu cha kufanyia kazi. Ukifika unalalamika, atakupa anachokiona yeye.

Maneno ya kutumia yachaguliwe vizuri. Chini ya Kanuni 261 una haki ya kuchagua: urudishiwe nauli, au upelekwe kwa njia nyingine mapema iwezekanavyo. Ukikubali kurudishiwa pesa, wajibu wa shirika wa kukufikisha na kukutunza umeishia hapo. Ujumbe wa simu wenye kitufe kizuri cha kurudishiwa nauli hufika haraka, na mtu aliyechoka hukibonyeza. Mkubaliane mapema kwamba hakuna anayebonyeza chochote bila kumwambia kiongozi. Na hati ya kusafiri baadaye, badala ya pesa taslimu, hutolewa kwa idhini yako tu.

Wakati mnasubiri, shirika linatakiwa kuwapa chakula na vinywaji, kwa safari ndefu kama hii baada ya saa nne. Mkilala, ni hoteli na usafiri wa kwenda na kurudi. Haki hiyo haijali sababu. Theluji ikifunga uwanja, bado unapewa chakula na kitanda. Kama hawana cha kuwapa, tumieni mfuko wa dharura kwa kiasi, na kila risiti ipigwe picha hapohapo kabla wino haujafifia.

Fidia ya pesa ni jambo jingine, na hiyo inaangalia sababu. Ukifika umechelewa saa tatu au zaidi, au ndege ikifutwa bila kuambiwa siku 14 kabla, fidia kwa safari ya zaidi ya kilomita 3,500 nje ya Umoja wa Ulaya ni euro 600 kwa kila abiria, na inaweza kushuka hadi 300 ukifika ukiwa umechelewa chini ya saa nne. Hailipwi kukiwa na sababu ya nje ya uwezo wa shirika: dhoruba, theluji, mgomo wa waongoza ndege. Hitilafu ya kawaida ya ndege haimo humo. Kwa hiyo ombeni sababu kwa maandishi, hata kwa barua pepe, siku hiyohiyo.

Sasa lile swali la nafasi tatu kwa watu watano. Waende watatu, na wabaki wawili, kamwe asibaki mmoja. Katika wanaobaki awemo anayezungumza Kiingereza kwa kujiamini, na katika wanaotangulia awemo mwenye jina lililoandikwa kwenye hoteli. Mwenye kisukari, mjamzito au mwenye mtoto atangulie bila mjadala.

Ndege ikifutwa wakati wa kurudi na viza inakaribia kuisha, msikae kimya. Kuna utaratibu wa kuongezewa siku bila malipo kwa sababu iliyo nje ya uwezo wako, ila ombi lipelekwe kwa mamlaka ya uhamiaji ya Uholanzi, IND, kabla viza haijaisha, pamoja na ushahidi wa ndege iliyofutwa.

Hatua ya 8: Kufika Schiphol

Mpakani kila mtu atahojiwa peke yake: unakaa wapi, siku ngapi, unarudi lini, una pesa gani. Kila mmoja awe na nakala zake, maana kiongozi mwenye faili lote anaweza kuwa dirisha la mbali. Mfumo wa kielektroniki wa EES, ulioanza Oktoba 2025 kuchukua nafasi ya mhuri, unaweza kurefusha foleni, hivyo msiwe na haraka.

Begi lisipotokea kwenye mkanda, usitoke nje ya ukumbi ule. Nenda kwenye dawati la mizigo, jaza ripoti ya mzigo uliopotea, uondoke na namba yake. Lile jani dogo linaloitwa risiti ya begi, lililobandikwa nyuma ya pasi yako ya kupandia, ndilo wanaloanza nalo. Mpe ofisa anwani ya hoteli na tarehe mtakazokuwepo. Nunua mahitaji ya lazima, mswaki, chupi, shati, na utunze risiti. Begi likifika limevunjika, lalamika kwa maandishi ndani ya siku saba. Likichelewa, dai lako lifike ndani ya siku 21 tangu ulipolipata.

Stesheni ya treni iko chini ya uwanja wenyewe. Kama kuna mgomo wa treni, basi namba 397 linatoka nje ya jengo hadi mjini, Museumplein na Leidseplein. Programu ya 9292 itawaonyesha kinachotembea siku hiyo.

Hatua ya 9: Mkiwa mjini

Treni, tramu na basi hulipiwa kwa kugusisha kadi ya benki au simu, unapopanda na unaposhuka. Kadi moja ni ya mtu mmoja, hamuwezi kupanda wanne kwa kadi ya mtunza hazina. Ukisahau kugusisha wakati wa kushuka, unakatwa zaidi. Maduka na migahawa mingi haipokei noti kabisa, kwa hiyo kila mmoja awe na kadi yake, na aijulishe benki kabla ya kuondoka.

Tiketi za makumbusho ndizo za kuwahi. Nyumba ya Anne Frank huuza mtandaoni tu, kila Jumanne, kwa siku za wiki sita mbele, na huisha upesi. Makumbusho ya Van Gogh nayo ni ya mtandaoni na saa maalumu. Rijksmuseum, kwenye mchoro wa Rembrandt wa mwaka 1642, Walinzi wa Usiku, mnachagua saa ya kuanza. Mkipoteza siku kwa ndege, andikeni barua pepe kuomba kubadilishiwa kabla saa yenu haijapita.

Mambo mazuri mengine hayahitaji kuwahi. Nyuma ya Centraal kuna vivuko vya bure vinavyovuka maji ya IJ mchana na usiku, na mji ukiutazama kutoka pale unauelewa vizuri zaidi. Soko la Albert Cuyp lina migahawa ya Kisuriname, na roti yao na mchuzi wa kuku na viazi itamkumbusha mtu wa Zanzibar au Mombasa jikoni kwao. Chakula halali hakiwapi taabu. Njia nyekundu barabarani ni za baiskeli, msisimame hapo kupiga picha.

Msilazimishane kufanya kila kitu pamoja. Asubuhi mnaweza kutawanyika, jioni mkale pamoja, na mkipotezana mahali pa kukutana pajulikane: kwa mfano uwanja wa Dam, mbele ya mnara mweupe. Anayechelewa zaidi ya dakika ishirini bila ujumbe, wengine wanaendelea na kumtumia anwani.

Pasipoti ikipotea, taarifa ya polisi kwanza, kisha ubalozi. Wa Tanzania na wa Kenya yote iko The Hague, chini ya saa moja kwa treni. Dharura ya maisha ni 112.

Hatua ya 10: Kurudi, na madai

Fikeni Schiphol saa tatu kabla. Kumbukeni kwamba safari hii ya kuondoka inalindwa na Kanuni 261 hata mkiruka na shirika gani.

Madai ya fidia andikeni wenyewe kupitia fomu ya shirika, kila mtu kwa jina lake: namba ya ndege, tarehe, mlichelewa saa ngapi kufika, sababu mliyopewa, na akaunti ya kulipwa. Gharama za chakula na hoteli ziende pamoja na risiti zake. Kampuni zinazojitolea kuwadaia huchukua sehemu nzuri ya pesa, kwa hiyo wafuateni ikiwa shirika limekataa na mnaamini mna haki. Kwa Uholanzi mna miaka miwili ya kudai mahakamani, hivyo jibu la kwanza la kukataa lisiwakatishe tamaa.

Fidia ni ya aliyechelewa. Kama wawili walibaki nyuma ili watatu watangulie, fidia yao ni yao, haiingii kwenye mfuko. Mfuko wa dharura unarudishiwa tu kile ulichotumia kwa hoteli na chakula. Mtunza hazina atume hesabu yote kwenye grupu pamoja na picha za risiti ndani ya wiki mbili, na salio ligawanywe sawa, fungu la aliyenyimwa viza likiwemo.